Jinsi ya Kulisoma Neno Mirror la Kiingereza

Kamusi ndogo za Kiingereza na Kiswahili hulimaliza neno mirror kwa jibu moja: kioo. Jibu hilo linamtosha anayenunua kioo cha kabati au anayeketi kwa kinyozi. Halimtoshi mwanafunzi anayesoma tamthilia ya Kiingereza, wala mwandishi wa habari anayetafsiri hotuba ya mwanasiasa wa Marekani, wala fundi wa kompyuta anayesoma maelekezo ya kuhifadhi kumbukumbu za ofisi. Wote hao watakutana na mirror mahali ambapo hapana kioo chochote. Wakiandika kioo bila kufikiri, watampa msomaji wao sentensi iliyonyooka kisarufi lakini isiyosema kitu, au inayosema jambo jingine kabisa.

Hoja ya mwongozo huu ni moja. Kila matumizi ya kisitiari ya neno hili yamesimama juu ya tabia moja ya kioo halisi, na tabia hizo si nyingi. Kioo hurudisha sura ya kilicho mbele yake. Kioo humwonyesha mtu kile ambacho jicho lake haliwezi kukifikia, kama uso wake mwenyewe au barabara iliyo nyuma yake. Kioo hufuata mwendo wa mtazamaji papo hapo. Kioo huigeuza sura kinyume. Na kioo, kikiwekwa kwa hila, huyadanganya macho. Mwandishi wa Kiingereza anapoandika mirror huchukua moja ya tabia hizi na kuziacha nyingine. Ukiitambua aliyoichukua, umeipata maana. Na ukishaipata maana, neno la Kiswahili litajitokeza lenyewe, na mara nyingi halitakuwa kioo.

Anza na kioo chenyewe

Huwezi kuielewa sitiari kama hukijui vizuri kitu ilichotokana nacho, kwa hiyo tuanze na fizikia kidogo. Kioo bapa kinaonyesha sura ikiwa nyuma yake, kwa umbali ule ule uliopo kati ya kioo na kitu chenyewe. Watu wengi husema kioo hubadilisha kulia kuwa kushoto. Si hivyo. Ukiinua mkono ulio upande wa dirisha, sura nayo huinua mkono ulio upande wa dirisha. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma: wewe umeelekea kaskazini, sura yako imeelekea kusini. Sisi ndio tunaojiweka katika nafasi ya mtu huyo anayetutazama na kuhesabu mikono yake kwa kumgeuza kichwani mwetu. Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa lugha, kwa sababu linaonyesha kwamba hata kioo kilicho safi kabisa hakitoi nakala tupu. Kinatoa sura inayomtegemea aliyesimama mbele yake, na waandishi wa Kiingereza wamelitumia jambo hilo kwa karne nyingi.

Kioo kilichobinuka kwa nje kinaonyesha eneo pana zaidi lakini hupunguza ukubwa wa vitu. Ndiyo maana magari ya soko la Marekani, ambako kioo cha pembeni cha upande wa abiria huwa cha namna hiyo, hulazimika kisheria kuandikwa onyo kwamba vitu vinavyoonekana kiooni viko karibu kuliko vinavyodhaniwa. Onyo hilo la usalama limeingia hata katika maneno ya wachambuzi wa siasa na uchumi, wanaolitumia kusema kwamba hatari fulani iko karibu kuliko watu wanavyoiona. Katika darubini nako mirror ina kazi nyingine. Isaac Newton alitengeneza mwaka 1668 darubini iliyokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, na darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo kikuu cha upana wa mita 6.5 kilichoundwa kwa vipande 18 vya madini ya berili vilivyopakwa dhahabu. Hapo hakuna anayejitazama. Ukiandika tu kioo cha darubini, msomaji anaweza kufikiria lenzi, ambayo mwanga hupita ndani yake, kumbe mirror ni ile inayourudisha mwanga. Andika kioo cha kuakisi, na utata utaondoka.

Utata huo unatokana na upana wa neno letu. Kioo cha Kiswahili ni kile cha kujitazamia, ni cha dirisha, ni cha mbele ya gari, ni cha saa, na siku hizi ni uso wa simu na wa runinga. Mirror ya Kiingereza ni finyu: ni kile tu kinachorudisha sura. Kanuni ya kwanza ya kutenda ni hii, basi: mirror ikiwa na maana yake ya asili, mpe msomaji kivumishi au maelezo ya kumwongoza. Andika kioo cha kujitazamia, kioo cha pembeni, au saidi mira kama unawaandikia madereva na mafundi ambao ndivyo wanavyokiita. Mwandishi wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu vya watoto vinapaswa kuwa mirror na pia dirisha: mtoto ajione mwenyewe, na pia awaone wengine. Tafsiri inayosema kitabu kiwe kioo na dirisha itaiua hoja hiyo, kwa sababu kwetu dirisha nalo lina kioo. Ukisema kioo cha kujitazamia na dirisha la kuwatazama wengine, hoja inasimama wima.

Asikudanganye mtu kwamba utata huu ni udhaifu wa Kiswahili. Kiingereza nacho kiliupitia. Neno mirror lilifika huko katika Enzi za Kati kutoka Kifaransa cha kale, lakini kwa karne nyingi Waingereza waliendelea kusema glass au looking-glass, yaani kioo cha kutazamia. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia glass pale Paulo anapowaambia Wakorintho, katika sura ya 13 ya waraka wa kwanza, jinsi tunavyoona sasa kwa namna isiyo dhahiri. Paulo alikuwa akisema juu ya kioo cha kujitazamia cha zama zake, ambacho kilikuwa bamba la shaba iliyosuguliwa, lakini msomaji wa leo wa Kiingereza hudhani ni dirisha lenye ukungu. Lewis Carroll naye, mwaka 1871, alikiita looking-glass kile kioo ambacho msichana Alice anapenya na kutokea upande wa pili. Na mwaka 1954 mtaalamu wa lugha Alan Ross aliorodhesha looking-glass miongoni mwa maneno ya tabaka la juu la Uingereza, na mirror miongoni mwa yale ambayo tabaka hilo liliyaepuka. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya kabla ya katikati ya karne ya 20 na ukakutana na glass, usikimbilie bilauri wala dirisha. Tazama kwanza kama kuna mtu anayejiona humo.

Alama za kisarufi za kukuongoza

Kabla hujauliza maana, sarufi ya sentensi itakupa nusu ya jibu. Mirror ikiwa nomino na ikatanguliwa na kihusishi in, kama katika look in the mirror, mara nyingi ni kioo halisi, au ni mwito wa kujihoji unaotegemea picha ya mtu aliyesimama mbele ya kioo. Mwanasiasa anapoambiwa ajitazame katika mirror, haambiwi achane nywele. Anaambiwa ayahukumu matendo yake mwenyewe kabla ya kuwalaumu wengine. Kiswahili kina maneno yake kwa hilo: jihoji, jipime, jitafakari. Nomino hiyo ikifuatwa na of na kisha jina la jambo lisiloshikika, kama jamii, roho au zama, huo ni usemi wa kisitiari bila shaka. Ikitanguliwa na rear-view, yaani kioo cha ndani ya gari cha kutazamia nyuma, na habari yenyewe si ya magari, mwandishi anazungumzia yaliyopita: kuna anayeendesha mambo ya leo huku macho yake yakiwa kwenye jana.

Mirror ikiwa kitenzi, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna kioo. Kitenzi hicho humaanisha kufanana kwa karibu, kulingana au kufuata nyayo: bei ya huku inapanda na kushuka kama bei ya kule, mtoto anaiga namna mama anavyosimama, sheria ya nchi moja imefuata vifungu vya nyingine. Kitenzi hiki huchukua yambwa moja kwa moja. Wanafunzi wengi huongeza to baada yake, na hilo ni kosa. Angalia pia mwelekeo wake, kwa sababu hapo ndipo tafsiri nyingi huvunjika. Anayetajwa kwanza ndiye sura. Anayetajwa baadaye ndiye asili. Mwandishi akisema sera ya mkoa mirrors sera ya taifa, anasema mkoa umefuata taifa. Ukitafsiri kwamba sera hizo mbili zinafanana umesema kweli lakini umepoteza habari ya nani alitangulia, na katika siasa na sheria habari hiyo ndiyo kiini.

Shakespeare na kazi tatu za neno moja

Ushahidi bora kwamba neno hili lina kazi tofauti, ambazo hazipaswi kuchanganywa, unapatikana katika tamthilia tatu ambazo Shakespeare aliziandika karibu karibu, kati ya mwaka 1599 na 1601. Katika Hamlet, mwana wa mfalme anawaelekeza waigizaji kwamba mchezo una wajibu wa kuwa mirror ya maisha, na anawataka wasitie chumvi. Tabia iliyochukuliwa hapo ni ya kwanza: kurudisha sura kama ilivyo, nzuri kwa uzuri wake na mbaya kwa ubaya wake. Katika Henry V, mfalme anatajwa kuwa mirror kwa wafalme wa Kikristo. Hapo maana ni kielelezo, mtu anayetazamwa ili aigwe. Katika Julius Caesar, Brutus anamwambia Cassius kwamba jicho haliwezi kujiona, naye Cassius anajitolea kuwa kioo chake ili amwonyeshe thamani asiyoijua kuwa anayo. Hiyo ni tabia ya pili, ya kumwonyesha mtu asichoweza kukifikia mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili wana bahati na mfano huo wa tatu, kwa kuwa Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1963, na anayetaka kuona mfasiri akipambana na mafumbo ya Shakespeare anaweza kuziweka nakala mbili mbele yake na kulinganisha. Lakini tazama kinachofuata katika mchezo wenyewe. Cassius aliyeahidi kuwa kioo mwaminifu anapanga barua za uongo zitupwe nyumbani kwa Brutus zikijifanya zimetoka kwa raia wa Roma. Kioo hicho kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na lake. Hapo unapata swali la kuuliza kila unapokutana na mirror ya aina hii: nani amekishika kioo, na amekielekeza wapi? Gazeti la Daily Mirror la London lilianzishwa mwaka 1903, na jarida la Ujerumani liitwalo Der Spiegel, jina lenye maana hiyo hiyo, lilianza mwaka 1947. Majina hayo yanaahidi kurudisha sura ya dunia, na ni ahadi ya heshima. Hata hivyo kila gazeti huchagua pa kukielekeza kioo chake, na msomaji mwerevu hulipima kwa kinachoonekana na pia kwa kilichoachwa nje.

Kioo cha jamii: maana mbili katika kauli moja

Maana ya kielelezo, ile ya Henry V, ina historia ndefu. Katika Ulaya ya Enzi za Kati vitabu vya mafunzo vilipewa majina yenye neno la Kilatini speculum, yaani kioo, na vile vya kuwafundisha wafalme utawala mwema vikawa aina kamili ya maandishi. Mwaka 1559 ilichapishwa Uingereza A Mirror for Magistrates, mkusanyiko wa tenzi kuhusu watawala walioanguka, ili walio madarakani wajifunze kwa maanguko yao. Kioo cha namna hiyo hakirudishi sura ya anayekitazama. Kinaonyesha sura ya mtu mwingine ili mtazamaji aifuate au aiepuke. Kiingereza cha leo kimeiacha maana hiyo karibu kabisa na badala yake kinatumia model, role model au example. Ukikutana nayo, uko katika maandishi ya zamani au ya mtu anayeyaiga.

Kiswahili hakijaiacha. Darasani tunafundishwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na maana inayokusudiwa ni ya Hamlet: fasihi inaonyesha jamii jinsi ilivyo. Nje ya darasa, msanii wa muziki akikutwa na kashfa, husemwa kwamba msanii ni kioo cha jamii, na maana inayokusudiwa ni ya Henry V: alipaswa kuwa mfano mwema. Kauli zinafanana, lakini madai yake yanagongana. Kwa maana ya kwanza, msanii anayeimba ulevi na usaliti wa mtaani anatimiza wajibu wake, kwa kuwa mambo hayo yapo. Kwa maana ya pili, anauvunja. Huwezi kumdai mtu yule yule, kwa neno lile lile, aonyeshe uchafu wa jamii na wakati huo huo asionyeshe ila usafi. Mabishano mengi kuhusu maadili ya wasanii hayafiki mwisho kwa sababu upande mmoja unasema kioo ukimaanisha sura, na upande wa pili unasema kioo ukimaanisha kielelezo.

Mtu anaweza kupinga kwamba matumizi hayo ya pili ni kosa tu la Kiswahili cha mitaani, na kwamba dawa yake ni kuyafuta. Historia ya speculum na mirror inamjibu. Waandishi wa Ulaya walitumia neno hilo kwa maana zote mbili kwa mamia ya miaka, na hakuna sababu ya kumkataza mzungumzaji wa Kiswahili kile ambacho Shakespeare aliruhusiwa. Tatizo linaanza pale mtu anapohama kutoka maana moja kwenda nyingine katikati ya hoja bila kusema kwamba amehama. Kwa hiyo ukiandika, chagua. Unapotaka kusema kuonyesha, sema fasihi inaakisi maisha ya jamii. Unapotaka kusema kuigwa, sema msanii ni kielelezo. Na unapotafsiri maandishi ya Kiingereza ya leo yanayosema kazi fulani ni mirror ya zama zake, usiingize maana ya kuigwa, kwa sababu mwandishi hakuiweka. Barbara Tuchman alipokiita kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu karne ya 14 A Distant Mirror, hakuwa akiwataka wasomaji waige karne ya tauni na vita. Aliwataka waione karne yao wenyewe humo.

Kufuata, kugeuza, kudanganya

Tabia ya tatu, ya kufuata papo hapo, ndiyo inayotawala katika teknolojia, na kutoifahamu kunaweza kukugharimu kazi ya miaka. Diski mbili za kompyuta zikiwekwa katika hali ya mirroring, kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye nyingine saa ile ile. Anayetafsiri mirror hapo kuwa nakala ya akiba amekosea, na kosa lake lina madhara. Ukifuta faili kwenye diski ya kwanza, linafutika na kwenye ya pili. Virusi wakiharibu ya kwanza, huharibu na ya pili. Kinachokingwa ni kufa kwa diski moja, basi. Nakala ya akiba ni ile iliyotengwa, isiyofuata makosa yako. Ni hivyo hivyo kwa simu inayounganishwa na runinga kwa screen mirroring: runinga itaonyesha kila kinachopita kwenye kioo cha simu, hata ujumbe wa siri utakaoingia wakati wageni wametazama. Mtandao unaoitwa mirror nao ni seva inayohifadhi maudhui yale yale ya seva nyingine, ili watu wa mbali wayapate haraka. Tafsiri zinazofaa hapa ni nakala pacha, nakala sambamba, au kuonyesha sambamba. Neno kioo halisaidii kitu, na kwenye simu linachanganya zaidi, kwa kuwa kioo cha simu kina maana yake tayari.

Tabia ya nne, ya kugeuza, imechukuliwa na sayansi. Mwaka 1848 Louis Pasteur alizitenga kwa mkono fuwele za chumvi moja zilizokuwa za maumbo mawili, kila moja ikiwa mirror image ya mwenzake, kama mkono wa kulia na wa kushoto: viungo ni vile vile, mpangilio ni ule ule, lakini moja haiwezi kulaliana na nyingine. Tofauti hiyo si ya macho tu. Karvoni, kemikali inayotoa harufu, ina maumbo mawili ya namna hiyo; moja hunukia nanaa na jingine kisibiti. Katika kemia, basi, kusema mirror image ni nakala ileile ni kusema uongo. Lakini katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza anaweza kusema binti ni mirror image ya mama yake akimaanisha wamefanana mno, na hapo kugeuzwa hakumo. Msemo ni ule ule, tabia iliyochukuliwa ni nyingine: ya kwanza badala ya ya nne. Kwa kemia andika umbo kinyume; kwa binti sema kamrithi mamaye sura.

Tabia ya tano imetokana na jukwaa la mazingaombwe, ambako moshi na vioo vilitumika kuficha na kuonyesha. Waandishi wa Marekani waliupa nguvu katika miaka ya 1970 usemi wa smoke and mirrors, wakiwasema wanasiasa wenye takwimu na ahadi zisizo na kitu ndani. Kiswahili kina kiini macho, na hakuna haja ya moshi wala kioo. Karibu na usemi huo kuna hall of mirrors, ukumbi wa vioo, unaoelezea hali ambayo ukweli na uongo vimezidishana hadi mtu hajui atokee wapi. Hapa chunga herufi kubwa. Hall of Mirrors yenye herufi kubwa ni ukumbi halisi katika kasri la Versailles, Ufaransa, wenye vioo zaidi ya 350. Humo ndimo uliposainiwa, tarehe 28 Juni 1919, mkataba ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanafunzi wa historia ya Tanganyika akidhani hapo anaambiwa juu ya ulaghai, atakuwa ameikosa habari.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba yote haya hayahitajiki, kwa kuwa muktadha humwongoza msomaji. Ni kweli kwa kiasi, na mwenye kusoma Kiingereza kila siku huenda asihitaji kugawa tabia tano. Lakini muktadha haupo kila mahali. Kichwa cha habari, jina la kitabu na amri iliyo kwenye menyu ya simu huja vikiwa peke yake. Pia muktadha hukusaidia kuelewa zaidi ya unavyokusaidia kuandika. Mtu anaweza kuielewa sentensi ya Kiingereza vizuri kabisa, kisha akaandika kioo kwa mazoea, na uelewa wake ukaishia kwake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kuna atakayesema kwamba sitiari haikatwi vipande: nguvu yake ni kubeba maana kadhaa kwa pamoja, na anayechagua moja anaidhulumu. Kwa ushairi nakubali. Mshairi akiacha maana mbili zikae katika neno moja, mfasiri ajitahidi kuziacha zote, na hapo kioo huenda likawa neno bora kuliko yote. Lakini katika maandishi ya maarifa wingi huo wa maana hupotosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Parma, Italia, wakiongozwa na Giacomo Rizzolatti, walibaini katika ubongo wa nyani seli zinazoamka mnyama anapofanya tendo na pia anapomwona mwingine akilifanya. Seli hizo zikaitwa mirror neurons. Kilichoonekana Parma kilikuwa ulinganifu wa tendo na tendo. Jina, hata hivyo, lilibeba mengi kuliko ugunduzi, na maelezo mengi kwa umma yakazifanya kuwa chanzo cha huruma, lugha na ustaarabu, madai ambayo wanasayansi wengi wameyapinga. Mfasiri anayeandika seli zinazolinganisha matendo anamkinga msomaji wake na mkumbo huo.

Namna ya kufanya kazi

Unapokutana na mirror, jiulize kwa mpangilio huu. Kwanza, je, kuna kitu cha kushika ambacho mwanga unakigonga na kurudi? Kama kipo, tumia kioo pamoja na maelezo ya kazi yake. Pili, kama hakipo, uliza ni tabia ipi kati ya tano imechukuliwa, kisha chagua: kuakisi au kuonyesha kwa ya kwanza, kujihoji au kumfumbua mtu macho kwa ya pili, kufuata, kulingana au nakala pacha kwa ya tatu, kinyume kwa ya nne, kiini macho kwa ya tano. Maandishi yakiwa ya kale, ongeza uwezekano wa kielelezo. Tatu, kama ni kitenzi, hakikisha umejua nani ni asili na nani ni sura, na umpe msomaji habari hiyo. Mwisho, soma sentensi yako ya Kiswahili kana kwamba hukuwahi kuiona ya Kiingereza, na uulize kama mtu asiyejua Kiingereza angepata kutoka kwake jambo lile lile.

Walimu wa fasihi wana nafasi ya pekee hapa. Mtihani unapomtaka mwanafunzi ajadili kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii, majibu mengi huorodhesha maovu yaliyomo kitabuni na kusimama hapo. Mfundisheni kuuliza ni kioo cha aina gani: kinarudisha sura, kinafumbua macho, kinageuza, au kinatoa kielelezo? Nani amekishika, na nani hakuonekana ndani yake? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu hayo kwa ushahidi wa matini amekwisha kuacha kukariri kauli na ameanza kuihakiki, na uwezo huo atautumia katika Kiswahili, katika Kiingereza, na katika kila hotuba atakayoambiwa kwamba inamwonyesha hali halisi.